Mwalimu wa Mbali Anahitaji Mlezi wa Karibu: Tafakari juu ya Darasa la Video Nzega



Katika shule moja ya sekondari wilayani Nzega, ambayo hatutaitaja jina, tuliketi nyuma ya darasa la kidato cha tatu wakati wa kipindi cha fizikia. Shule hiyo haina mwalimu wa somo hilo. Mwalimu alikuwa Tabora mjini, zaidi ya kilomita 100 kutoka pale, akifundisha kwa njia ya video. Sura yake ilionekana ukutani kwa projekta, na sauti yake ilitoka katika spika ndogo iliyowekwa juu ya meza. Alikuwa mwalimu mzuri. Alieleza kwa utulivu kwa nini kitu kizito huelea majini, akachora, akauliza kama ameeleweka. Wanafunzi wa safu za mbele waliitika kwa pamoja kwamba wameelewa. Binti mmoja wa safu ya nne alinyoosha mkono, akaushikilia juu kwa muda, kisha akaushusha. Kamera ilikuwa imeelekezwa kwenye safu mbili za kwanza tu, na mtu mzima pekee aliyekuwepo, aliyepewa kazi ya kulinda vifaa, alikuwa nje ya mlango akizungumza na simu. Baada ya dakika 40 picha ilikatika. Katika kumbukumbu za shule, kipindi kile kiliandikwa kuwa kimefundishwa.

Tunalisimulia tukio hili si kwa nia ya kumlaumu mtu. Mwalimu alitimiza wajibu wake kwa moyo, na uongozi wa shule ulikuwa umehangaika kupata projekta, umeme na kifurushi cha intaneti. Lakini mkono ule ulioinuliwa na kushushwa bila kuonwa unatudai jibu, kwa maana huko tuendako vipindi vya namna hii vitaongezeka. Tunachotaka kukisema leo ni hiki: darasa la video ni neema kwa maeneo kama yetu, lakini linakuwa darasa la kweli pale tu anapokuwepo mtu mzima aliyeketi pamoja na watoto, anayewajua kwa majina na kuwajibika kwa kila mmoja wao. Asipokuwepo huyo, kilichofanyika ni matangazo. Na kuyaandika matangazo kuwa ni kipindi kilichofundishwa ni kumdhulumu mtoto ambaye hana njia nyingine ya kulipata somo hilo.

Tulikotoka na tuendako

Wengi wetu tulianza kusikia habari za madarasa ya video mwaka 2020. Machi 16 mwaka huo alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, na kesho yake Serikali ikatangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi darasani Juni 1, na shule zote zikafunguliwa Juni 29. Tukijilinganisha na jirani zetu, tulikaa nje ya madarasa kwa muda mfupi: nchini Kenya wanafunzi wengi walirejea Januari 2021, na nchini Uganda wapo waliosubiri hadi Januari 2022. Katika miezi ile mitatu na ushee, baadhi ya shule za kulipia za mijini ziliendelea na vipindi kwa video, na masomo mengine yalirushwa kwa redio na televisheni. Mtoto wa kijijini kwetu, ambaye nyumbani kwao simu ni moja, tena ya kitochi, alikwenda shambani au kuchunga.

Shule zilipofunguliwa, wengi tuliliweka jambo hili kando kama kumbukumbu ya ugonjwa. Hapo tulikosea, kwa sababu tatizo ambalo video inajaribu kulitatua halikuletwa na ugonjwa. Shule za sekondari za kata, zilizojengwa kwa wingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, ziliwasogezea watoto madarasa karibu na nyumbani, na wazazi wengi wanaosoma makala haya walizichangia kwa fedha na kwa nguvu za mikono yao. Lakini tofali halifundishi hisabati. Upungufu wa walimu wa sayansi na hisabati umeendelea kuziandama shule nyingi za vijijini hadi leo.

Na mbele yetu upo mwaka 2028. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa jijini Dodoma na Rais Samia Suluhu Hassan Februari 1, 2025, inaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, ukiwahusu pia watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo. Hao watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kaka na dada zao wa mtaala wa zamani watamaliza darasa la saba. Hivyo makundi mawili yatabisha hodi kwa pamoja katika mlango wa kidato cha kwanza Januari 2028. Vyumba vya madarasa vinaweza kujengwa kwa miezi michache, lakini mwalimu wa fizikia haandaliwi kwa miezi michache. Katika hali hiyo, kishawishi cha kuiweka skrini mahali pa mwalimu kitakuwa kikubwa, na ni afadhali tuanze kulitafakari jambo hili mapema kuliko kulipokea likiwa limekwisha kuamuliwa.

Somo la njia ya misafara

Sisi wa Unyamwezi si wageni wa umbali. Nchi yetu ilikuwa kitovu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo na kufika Unyanyembe, kisha ikagawanyika kuelekea Ujiji na kuelekea Ziwa Victoria. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa kubeba mizigo kwa miezi mingi ya safari. Kwa njia hiyohiyo, mwaka 1878, msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika ulifika Tabora, na hapo ukagawanyika, wengine wakishika njia ya Ziwa Tanganyika na wengine wakielekea kaskazini hadi Buganda. Mwishoni mwa karne ya 19 misioni ikafunguliwa Ndala, katika wilaya hii ya Nzega.

Wamisionari wale walikumbana na swali lilelile linalotukabili leo darasani: mwalimu mmoja atawafundishaje watu walio mbali naye, walio wengi, ambao hawezi kuwatembelea kila siku? Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alitaka ukatekumeni uchukue miaka minne. Padre asingeweza kukaa miaka minne katika kila kijiji. Jibu la Mama Kanisa likawa katekista. Padre alipita kwa zamu, akafundisha, akaadhimisha Sakramenti, akaondoka, katekista akabaki. Yeye ndiye aliyejua ni nani hakuelewa fundisho, ni nani ameacha kuja kwa sababu ya msiba, na ni nani anaitikia tu ili aonekane ameelewa. Adrian Atiman, aliyekombolewa kutoka utumwani, akasomea uganga huko Malta na kufika Karema mwaka 1889, alitumika katika nchi hii kama katekista na mganga kwa zaidi ya nusu karne. Elimu yake ilitoka mbali sana. Iliwafaa watu kwa sababu aliishi kati yao.

Mama Kanisa hajaacha kulithamini jambo hilo. Mei 10, 2021, Baba Mtakatifu Fransisko aliifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa zima. Sisi tunaosali vigangoni tunajua maana yake bila kuelezwa. Kigango ambacho padre hufika mara moja kwa mwezi lakini kina katekista mwaminifu huendelea kukua. Kigango ambacho padre hufika mara nyingi lakini hakina katekista husinyaa. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba mwalimu wa fizikia atawafundisha watoto wetu kutoka mbali, swali la kwanza la Mkatoliki wa Nzega liwe hili: katekista wa darasa hilo ni nani?

Ushahidi wa Mtu ni Afya

Msomaji asidhani kwamba haya ni mawazo ya sakristia tu. Taifa letu liliwahi kufundisha kwa mbali, tena kwa mafanikio ambayo wataalamu wa elimu ya watu wazima duniani wangali wakiyataja. Mwaka 1973 Serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa muda wa wiki 12. Chombo kikuu kilikuwa redio, chombo ambacho hakikuwa na picha wala nafasi ya msikilizaji kuuliza swali. Hata hivyo takribani watu milioni 2 walijifunza juu ya malaria, kuhara, kichocho na magonjwa mengine, na vijiji vingi vikachimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu.

Siri ya kampeni ile haikuwa redio. Siri ilikuwa vikundi vya kujifunza, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walioandaliwa kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa. Kikundi kilisikiliza kwa pamoja, kikasoma kijitabu kilichochapwa kwa Kiswahili chepesi, kisha kikajadili na kupanga kazi ya kufanya kijijini. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa palepale aliyefundishwa namna ya kuongoza mazungumzo na kuhakikisha kwamba hakuna anayebaki nyuma.

Leo tunacho chombo chenye uwezo mkubwa kuliko redio ya mwaka 1973, kwa maana mwalimu anaweza kuona na kuonwa, kuuliza na kuulizwa. Ni jambo la kushangaza kama tutakitumia kwa mafanikio madogo zaidi, kwa sababu tu tumesahau kumwandaa yule mtu wa palepale.

Jinsi darasa linavyoendeshwa vema

Tulipata kuona pia shule nyingine ambako mambo yalikwenda vizuri, na vifaa vyake vilikuwa duni kuliko vya ile ya kwanza. Tofauti ilikuwa mwalimu wa Kiswahili, mama wa makamo ambaye kwa kukiri kwake mwenyewe alipata alama mbaya katika fizikia alipokuwa shuleni. Aliketi ubavuni mwa darasa akiwa na orodha ya majina. Kila baada ya dakika kumi hivi alimwomba mwalimu wa mbali asimame kidogo, akamtaja mwanafunzi mmoja kwa jina na kumtaka aeleze kwa maneno yake kilichosemwa. Aliyeshindwa hakuchekwa, swali lake lilipelekwa mbele ya kipaza sauti likajibiwa. Hatukumwona mwanafunzi aliyejificha siku ile.

Kutokana na tuliyoyaona, na kutokana na uzoefu ambao walimu wengi wameupata tangu mwaka 2020, tunadhani yapo mambo machache ambayo kila shule yenye nia ya kuendesha vipindi vya video inapaswa kuyazingatia.

La kwanza ni kuchagua skrini moja kwa darasa zima badala ya simu moja kwa kila mwanafunzi. Saa moja ya mkutano wa video huweza kutumia takribani gigabaiti 1 ya intaneti. Wanafunzi 40 wakijiunga kila mmoja kwa simu yake, gharama inakuwa gigabaiti 40, na inabebwa na wazazi; wakiketi pamoja mbele ya skrini moja, ni gigabaiti 1, na inabebwa na shule. Tena shule nyingi zinamkataza mwanafunzi kuwa na simu, kwa sababu ambazo wazazi tunazifahamu. Skrini moja inaliheshimu katazo hilo, na inawaweka mtoto wa mfanyabiashara na mtoto wa mkulima wa mpunga katika benchi moja.

La pili ni muda. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, na toleo la bure la programu ya Zoom hukata mkutano wa watu wengi baada ya dakika 40 zilezile. Dakika tano zikipotea katika kutafuta sauti na nyingine tano katika kuita majina, mwalimu anakatwa kabla hajafika mwisho wa somo. Kwa hiyo vifaa viwashwe na kujaribiwa kabla wanafunzi hawajaingia, na somo lenyewe lipangwe kwa dakika 25 au 30, ili zinazobaki ziwe za maswali na mazoezi pamoja na mlezi wa darasa.

La tatu ni mpango wa siku ambayo mawasiliano yatakatika, kwa sababu yatakatika. Mei 12, 2024, nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania na katika nchi jirani. Siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchini na ikarejea siku kadhaa baadaye. Na bila kwenda mbali, umeme wetu hukatika mvua zinapoanza kunyesha. Darasa linalotegemea mtandao peke yake huwa na likizo nyingi zisizotangazwa. Mlezi wa darasa awe na muhtasari wa somo uliochapwa, vitabu vya kiada viwe mikononi mwa wanafunzi, na somo lililorekodiwa lihifadhiwe katika kompyuta ya shule ili liweze kuonyeshwa bila intaneti.

La nne ni vifaa tulivyo navyo tayari. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo viligawiwa walimu. Kishikwambi kimoja, spika moja yenye sauti ya kutosha na ukuta mweupe vinaweza kuanzisha kazi, mradi tu kamera ielekezwe ili mwalimu alione darasa lote. Lile kosa la kamera tulilolishuhudia lingeondolewa kwa kuisogeza meza hatua tatu nyuma.

Ulinzi wa mtoto

Tukifungua mlango wa darasa kuelekea mtandaoni, tujue kwamba mlango huo una njia mbili. Mwezi Aprili 2020 Singapore ililazimika kusitisha kwa muda matumizi ya Zoom shuleni baada ya watu wasiojulikana kuingia katika kipindi cha jiografia na kuwaonyesha wanafunzi picha chafu. Nchi ile ina wataalamu wengi wa mitandao kuliko sisi, na bado ilinaswa. Kinga zake si ngumu: mkutano uwe na neno la siri, anayeingia apitie chumba cha kusubiria ili athibitishwe kwanza, kiungo cha kuingilia kisisambazwe katika makundi ya simu, na mwalimu pekee ndiye awe na uwezo wa kuonyesha picha. Mlezi aliye darasani awe na ruhusa ya kuizima skrini mara moja bila kusubiri amri ya mtu.

Lipo pia jambo la rekodi. Sura na sauti ya mtoto ni taarifa zake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatutaka tuwe waangalifu na taarifa za namna hiyo. Ni haki ya mzazi kuuliza: kipindi kinarekodiwa? Rekodi inakaa kwa nani, na kwa muda gani? Nasi ndani ya Kanisa tunao wajibu wa ziada, kwa kuwa tumejifunza kwa machozi gharama ya kutowalinda wadogo. Sheria iliyotolewa na Baba Mtakatifu Fransisko mwezi Mei 2019 juu ya jambo hili inatuhusu sote. Kwa sababu hiyo mawasiliano ya video kati ya mwalimu na mwanafunzi yafanyike darasani mbele ya wengine. Simu za faragha za usiku, hata zikiitwa masomo ya ziada, zisiruhusiwe.

Video isiwe kisingizio

Hapa tunafika mahali pagumu. Wapo wanaohofu kwamba vipindi vya video vitageuzwa kuwa sababu ya kutoajiri walimu. Hofu hiyo ina msingi, nasi hatutaki kuipuuza. Mzazi wa kijijini ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto wa mjini apewe mwalimu aliye hai na wa kwake apewe picha ya mwalimu. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 juu ya teknolojia katika elimu ilisisitiza kwamba teknolojia isichukue nafasi ya mahusiano ya ana kwa ana kati ya mwalimu na mwanafunzi.

Tena sisi Wakristo tunayo sababu ya ndani zaidi. Mtume Paulo aliwaandikia Wakolosai akiwa mbali nao kimwili lakini akiwa nao kiroho. Hakudharau nyenzo iliyomwezesha kuwafikia. Lakini mwandishi wa Waraka wa Tatu wa Yohane, akiwa na mengi ya kusema, aliona wino na kalamu havitoshi, akatamani wakutane uso kwa uso. Maandiko yanatufundisha mambo yote mawili: ujumbe wa mbali ni mwema, na haujakamilika. Mwenyezi Mungu mwenyewe hakutosheka na kutufikia kwa vinywa vya manabii, bali alimtuma Mwanaye akae kati yetu, ale nasi na kutushika mkono. Imani yetu ni imani ya uwepo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la Oktoba 28, 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio waelimishaji wa kwanza wa watoto wao. Katika kuadhimisha miaka 60 ya tamko hilo, Baba Mtakatifu Leo XIV alitoa Oktoba 27, 2025 waraka wa kitume juu ya elimu, akikumbusha kwamba teknolojia ipo kwa ajili ya kumtumikia mwanadamu, wala haipaswi kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo msimamo wetu ni kwamba kipindi cha video ni daraja la muda mahali ambapo mwalimu hajapatikana, na ni nyongeza yenye manufaa mahali alipo. Kila shule inayokitumia iendelee kuhesabiwa kuwa na upungufu wa mwalimu, na nafasi hiyo iendelee kudaiwa kwa wahusika kwa lugha ya heshima na bila kuchoka. Kumbukumbu za shule zitofautishe kipindi kilichofundishwa na mwalimu aliyepo na kile kilichopokelewa kwa video, ili takwimu zisituambie kwamba tumeshiba wakati tuna njaa.

Lakini tusiwaombe watoto wa leo wasubiri bila somo hadi haki itakapokamilika. Binti wa kidato cha tatu anafanya mtihani wa Taifa mwakani. Hawezi kungoja ajira za miaka mitano ijayo. Kukataa daraja kwa sababu tulistahili barabara ni kumwacha mtoto ng'ambo ya mto.

Wajibu wetu parokiani

Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii, tangu waraka wa Papa Pius XI wa mwaka 1931, yanatuelekeza kwamba lile linaloweza kufanywa na watu walio karibu lisisubiri walio juu, na walio juu wasaidie pale walio karibu wasipoweza. Nzega ni njiapanda ya Tabora, Singida na Shinyanga. Nyenzo zinapita hapa kila siku. Tunaona mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Shule za Kanisa zenye walimu wa kutosha wa sayansi zinaweza kuruhusu kamera moja katika darasa lao, ili shule ya kata iliyo jirani, yenye watoto wa dini zote, ifuatilie kipindi hichohicho. Ndala pana chuo cha ualimu. Wahitimu wake wanaosubiri ajira wanaweza kuombwa wawe walezi wa madarasa ya video, kwa posho ambayo kamati za elimu za parokia na bodi za shule zikae zione namna ya kuichangia. Ukumbi wa parokia, ambao siku nyingi za juma hukaa umefungwa, unaweza kufunguliwa jioni kwa ajili ya marudio, palipo na umeme wa jua na mlezi anayefahamika. Na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, zinapokutana kwa sala, zinaweza kuongeza swali moja: watoto wetu wamejifunza nini wiki hii, na ni nani hakuelewa?

Katika kikao kijacho cha wazazi, tukiambiwa kwamba shule imeanza vipindi vya video, tupongeze, kisha tuulize maswali matatu. Mlezi wa darasa ni nani, na ameandaliwa vipi? Mtandao ukikatika, watoto wanafanya nini? Mwalimu anawaona wanafunzi wote, au safu mbili za mbele tu? Maswali haya hayahitaji utaalamu wa kompyuta. Yanahitaji mzazi aliyehudhuria kikao.

Tulirudi baadaye katika ile shule ya kwanza. Meza ilikuwa imesogezwa nyuma, na mwalimu mmoja wa historia alikuwa amekubali kuketi na darasa. Tulimuuliza yule binti alikuwa anataka kuuliza nini siku ile. Alisema hakumbuki tena. Hilo ndilo lililotusikitisha kuliko vyote, kwa kuwa swali la mtoto lina siku yake, na likikosa mtu wa kulipokea siku hiyo halirudi kwa urahisi. Tunamwomba Mtakatifu Yohane Bosko, aliyewajua vijana wake kwa majina, atuombee ili katika kila darasa la Nzega, liwe la mwalimu aliyepo au la mwalimu wa mbali, asikosekane mtu wa kuuona mkono ulioinuliwa.